Kikaratasi cha Ndani ya Boksi

Likasi, Panda, 17 Machi 2024

Mpwa wangu Joëlle,

Kuna jambo nimekuficha tangu tulipomzika mama yako. Nimeliweka hapa juu, kabla ya salamu, kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitamaliza na salamu, na ukurasa utakuwa umejaa.

Sasa nikusalimie. Hujambo wewe, na Georges hajambo, na Reine ameanza kutembea? Sisi huku tupo. Mvua inakataa kwisha, ukuta wa nyuma umeota ukungu mpaka usawa wa dirisha. Émérence, mjane wa nyumba ya pili, bado ananipikia bukari na kunigombeza. Juzi aliniambia, "Professeur, ile miwani yako ni ya kupigia picha tu, kila siku unaikalia." Mashine za umeme za Koni ziko pale kwenye mto Lufira, karibu kabisa nasi, lakini umeme wake unatupita juu ya paa kwenda mgodini, na sisi tunabaki na taa ya mafuta. Kwa hiyo ukinijibu, andika kwa herufi kubwa. Na usinitafute kwa simu. Nimeitoa betri nikaifungia sandukuni.

Lambert alikuja hapa wiki iliyopita. Kaka yako amekonda. Anataka wakubwa wa familia waende kwa wazazi wa mkewe Mélanie kuvunja ndoa yake, kwa sababu mwanamke huyo ndiye aliyemuua mama yenu Madeleine, ingawa bila kukusudia. Na mimi, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye ninayepaswa kuyasema maneno hayo mbele ya wazazi wake.

Wewe hukuwepo kwenye kikao cha familia. Treni ilikuleta Likasi wakati matanga yamekwisha, ukasimuliwa. Nakuandikia nilichokiona mimi. Daktari wa Lubumbashi alimpa mama yako méthotrexate kwa maumivu yake ya viungo, vidonge vinne, mara moja kwa wiki. Mélanie alimpa vinne kila siku, mpaka mdomo ukajaa vidonda, akashindwa kumeza hata uji, na damu ikaanza kumtoka puani. Tulipofika hospitalini tulikuwa tumechelewa kweli. Baada ya mazishi Lambert alikitoa kile kikaratasi kwenye boksi la dawa, akakisoma kwa sauti. Kilisema mara moja kwa wiki. Kilisema hivyo mara mbili, na mara ya pili ndani ya fremu nyeusi.

Mélanie alisema, "Minye nilifuata vile Papa Athanase alisoma."

Watu wote waligeuka kunitazama. Nami nikasema, "Karatasi inasema mara moja kwa wiki. Wote mumesikia."

Nilichosema kilikuwa kweli. Ninachokuficha kimejibanza nyuma ya ukweli huo. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi na bado sijaweza kukitoa. Nakuomba hili tu: mwandikie Lambert angoje. Wewe anakusikiliza.

Mjomba wako,
Athanase


Kalemie, 29 Aprili 2024

Mjomba mpendwa,

Barua yako imefika jana. Mfanyabiashara aliyepewa na Émérence alishuka treni Kabalo kuuza vitunguu vyake, akakaa huko na barua yako mfukoni, na hakuona ajabu yoyote kuniambia hivyo.

Sisi ni wazima. Reine anatembea, na kila anapoanguka anamtazama baba yake kwanza ili ajue kama alie au asilie. Georges anakusalimu sana. Ziwa limepanda tena na limekula ukuta wa jirani zetu, lakini sisi tuko juu kidogo. Nimeandika kwa mashine, herufi kubwa kama ulivyoomba. Nawe pia umeanza kuandika makubwa, Mjomba. Maneno manne kwenye mstari, kama mtoto wa darasa la pili. Georges aliuliza kama unanikasirikia.

Kuhusu Mélanie, usiniombe hilo. Nilipofika Likasi nilikisoma kikaratasi hicho mimi mwenyewe, mimi ambaye dawa ndiyo kazi yangu. Nilimpigia simu nikamwambia ni mwongo. Alisema tu, "Ni sawa, Da Joëlle," akakata. Mtu anaweza kukosea, ningemsamehe. Lakini kumsingizia mzee aliyemsomea vizuri, na mama bado hajapoa kaburini? Watu wa parokia ya Panda wanakuletea maboksi yao ya dawa baada ya misa tangu sijazaliwa. Nani amewahi kusema ulimsomea vibaya?

Hata hivyo nimemwandikia Lambert angoje. Nimefanya kwa ajili yako. Unachonificha, sema.

Sasa nina ombi langu. Hapa kwenye bohari ya dawa tumepewa programu ya akili bandia inayoandika kwa Kiswahili maelezo mafupi ya kila dawa, ili mgonjwa apewe ukurasa mmoja anaouelewa. Inaandika vizuri kuliko mimi. Hiyo ndiyo shida yake. Mtu akiandika hovyo unasoma kwa mashaka, lakini hii inakwenda kama maji, na kosa linapita pamoja na maji. Kwa hiyo kazi yangu siku hizi ni kukaa na kikaratasi rasmi cha dawa mkono wa kushoto, na ukurasa wa programu mkono wa kulia, na kulinganisha mstari kwa mstari: kiasi gani, mara ngapi, nani asiguse dawa hiyo, dalili zipi zikitokea mgonjwa akimbizwe hospitali. Kila ukurasa lazima usomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Mwenzangu amekwenda kujifungua. Nani anajua kemia, Kifaransa na Kiswahili kuliko wewe? Nakutumia kurasa tano pamoja na vikaratasi vyake. Andika chini ya kila mmoja ulichokiona. Wewe ndiye uliyenifundisha kuisoma lebo ya chupa kabla ya kuifungua.

Ninakukumbatia,
Joëlle


Likasi, Panda, 2 Juni 2024

Mpwa wangu Joëlle,

Salamu nyingi kwako, kwa Georges na kwa mtembezi wenu mpya. Baridi imeingia, asubuhi natoa mvuke mdomoni kama gari bovu. Miguu yangu imevimba. Daktari anasema ni moyo, umechoka kusukuma. Nilimuuliza kama kuna kitu cha kufanya, akaniuliza nina miaka mingapi, nikamwelewa. Usiogope. Nimefundisha kemia miaka mingi, najua kwamba kila kitu kinachowaka kinafika mwisho wake.

Émérence alinisomea barua yako, kwa kuwa nilikuwa nimelala. Alipofika kwenye "maneno manne kwenye mstari" alicheka mpaka akakaa chini. Mwambie Georges sina hasira nawe. Ni kalamu. Nimenunuliwa kalamu nene.

Mélanie alikuja hapa baada ya Pasaka. Anakaa Kikula kwa dada yake, wanauza dagaa wa kapenta sokoni. Alileta kapenta kidogo kwenye gazeti, akazitua mlangoni, akapiga goti kunisalimu kama kawaida yake. Nilimwambia aingie. Akasema, "Hapana, Papa. Bataniona, batasema nimekuja kukubembeleza." Nikamuuliza kuhusu watoto. Sephora wanamruhusu aje kumwona siku za soko. Dan hataki kuja. Ana miaka kumi na moja na ameshaambiwa mama yake alifanya nini. Aliposema hivyo alikuwa anapanga gazeti lile vizuri mlangoni ili kapenta zisimwagike. Kisha akaniuliza, "Macho inaendelea namuna gani, Papa?" Nikamwambia macho hayana neno. Akasema asante Mungu, akaenda.

Nimezirudisha kurasa zako tano. Nimezilinganisha. Ziko safi.

Najua uliniambia niseme. Nitasema. Lambert ameanza tena, anataka twende kwa wazazi wa Mélanie kiangazi hiki kabla ya mvua. Mzuie mara nyingine moja.

Mjomba wako,
Athanase


Kalemie, 14 Julai 2024

Mjomba,

Nakusalimu. Sisi ni wazima, ila Reine ana kikohozi na ameambukiza nyumba nzima. Nimesikia kuhusu moyo wako, na nimeomba likizo ya Septemba nije. Nilitaka barua hii iwe ya hayo tu.

Ni ukurasa wa tatu, Mjomba.

Niliuchukua kutoka kwenye bahasha yako jana kwa sababu ulikuwa umebakiza msomaji mmoja tu, yaani mimi. Chini yake umeandika kwa kalamu yako nene: "Nimelinganisha. Safi. A." Ni ukurasa wa méthotrexate. Sikuuchagua, ulikuwa tu kwenye zamu ya mwezi ule, na nilipoutuma niliogopa kwamba utakuumiza. Mstari wa nne wa programu unasema hivi: "Meza vidonge vyako kila siku kwa saa ile ile." Kikaratasi rasmi kilichobanwa pamoja nao kinasema mara moja kwa wiki, siku ile ile ya wiki. Kinasema hivyo mara mbili, na mara ya pili ndani ya fremu nyeusi. Hayo ni maneno yako mwenyewe ya mwezi wa Machi.

Programu imekosea. Hilo nalijua, ndiyo maana ninalipwa. Lakini wewe? Neno hilo ndilo lililomwondoa Mama. Mtu yeyote wa nyumba yetu angelikuta hata katikati ya kitabu cha simu. Usiniambie ulichoka. Usiniambie ni taa, ulikuwa na mchana wote wa mwezi mzima.

Nilikaa na ukurasa huo mpaka wenzangu wakafunga ofisi. Nikakumbuka herufi zako. Nikakumbuka Émérence anakusomea. Nikakumbuka simu iliyotolewa betri, na sasa Mélanie anakuuliza juu ya macho, Mélanie ambaye hakuna mtu aliyemwambia kwamba una ugonjwa wa macho. Hata mimi sijaambiwa.

Ningeweza kukupigia kupitia Émérence. Sitaki. Nataka uandike, kwa sababu nataka kuwa na kitu cha kumwonyesha Lambert. Ameshapanga siku: Jumapili ya kwanza ya Septemba mtakwenda kwa wazazi wa Mélanie, na wewe ndiye utakayesema. Akishasema mzee kama wewe mbele ya wazazi wa mtu, hakuna wa kulirudisha neno. Kuna mwanamke mwingine tayari, Lambert hajakuambia. Dan ataanza kumwita mama.

Nilimwita Mélanie mwongo. Kama nilikosea nataka kujua sasa, nikiwa bado naweza kumpigia magoti.

Siku ile alipokuletea boksi, ulimsomea nini?

Joëlle


Likasi, Panda, 11 Agosti 2024

Mpwa wangu Joëlle,

Kikohozi cha Reine kimepona? Mpeni maji ya moto yenye asali, hayo hayahitaji kikaratasi. Mimi sasa nalala nimekaa, nikijilaza kifua kinajaa. Émérence ameacha kunigombeza, na hiyo ndiyo habari mbaya kuliko zote. Barua hii siipi treni. Naipa mkono wa Padri Augustin, ambaye anapanda ndege Lubumbashi kuja kwenu kwa mafungo, na nimemwambia asishuke popote kuuza vitunguu.

Uliuliza swali moja. Nivumilie nilijibu kwa mwendo wangu.

Macho yalianza kunipotea miaka mitatu iliyopita. Hayakuzimika kama taa. Ni pale katikati, pale unapotazama. Uso wa mtu unatoweka na masikio yake yanabaki. Naona mti, silioni lile tawi ninaloelekezwa. Herufi kubwa naziandika kwa mazoea ya mkono, nikitazama pembeni ya mstari. Herufi za kikaratasi cha dawa, zile ndogo kama mchanga, kwangu zimekuwa kitambaa cha kijivu. Daktari wa macho aliniambia haina dawa. Sikumwambia mtu. Mama yako hakujua.

Na Jumapili zilikuwa zinaendelea. Unazijua. Misa ikiisha wanakaa kwenye ukuta wa parokia, kila mmoja na boksi lake, "Professeur, banasema nini humu?" Maboksi kutoka India, kutoka Zambia, mengine yamefutika. Nilikuwa nafungua kile kikaratasi, nakikunjua chote mpaka kinafika magotini, nasoma kwa Kifaransa kwa sauti ya darasani, kisha nawaeleza kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ndogo. Lakini nilistaafu ualimu, mke wangu alifariki, watoto sikujaliwa, na hii ndiyo iliyobaki ya kunifanya niitwe mtu. Jumapili ambayo sikuweza tena kuona, mama mmoja alinipa boksi na nikakikunjua kikaratasi kama siku zote. Kilikuwa cha vidonge vya presha, ninavyovijua kwa kichwa. Nikasema ninayoyajua. Akashukuru. Hapo ndipo nilipopita mlango, Joëlle. Baada ya hapo nilikuwa natembea tu.

Kijana mmoja wa parokia aliniwekea kwenye simu programu ya kujibu maswali. Huhitaji macho. Unaiambia kwa mdomo, inakujibu kwa mdomo, kwa Kifaransa kizuri cha mtu aliyesoma. Nilianza kuiuliza majina ya dawa. Mtu akinipa boksi namwambia anitajie jina lililoandikwa, eti nimsikie kama anajua kusoma. Kisha nasogea pembeni, naiuliza simu kwa sauti ndogo, narudi, nakunjua kikaratasi mbele ya uso wangu na kusema nilichoambiwa. Nilikuwa na vitu viwili mikononi: sauti moja isiyojua inazungumza na nani, na karatasi moja iliyoandikwa na watu waliolazimishwa kusema kweli. Nilisikiliza sauti na karatasi nikaifanya pazia.

Ilisema vizuri mara nyingi sana. Nakwambia hili si kwa kujitetea. Ingekosea mwezi wa kwanza ningeitupa.

Mama yako alirudi kutoka Lubumbashi na boksi lake. Cheti cha daktari kilikuwa kimebaki kwenye duka la dawa. Yeye alikumbuka "vinne", na daktari alisema mambo mengine ya siku, lakini alikuwa na maumivu na safari ilikuwa ndefu. Alimtuma Mélanie kwangu. Ilikuwa mchana, nimekaa kwenye kiti changu cha chuma uani.

"Papa, njo hii dawa ya Mama. Anasema ni ine. Lakini ine namuna gani?"

Nikamwambia anitajie jina. Alilisoma polepole, silabi kwa silabi. Nikamwambia aniletee maji ya kunywa. Alipoingia ndani niliiuliza simu. Nisikilize vizuri hapa, maana wewe ndiyo kazi yako. Niliiuliza: méthotrexate ya miligramu mbili na nusu, kwa mama mwenye maumivu ya viungo, dozi ya miligramu kumi, ni vidonge vingapi kwa siku? Sisi wote huku tunauliza hivyo. Kutwa mara ngapi, mara tatu, mara mbili. Hakuna dawa ambayo tumewahi kuiuliza kwa njia nyingine. Sikuuliza kama ni ya kila siku. Niliipa siku mimi mwenyewe, nayo ikaipokea. Ikaniambia vidonge vinne kwa siku. Na mwishoni, kwa adabu ile ile, ikaniambia nilinganishe na kikaratasi kilichomo ndani ya boksi.

Kikaratasi kilikuwa mapajani mwangu.

Lambert alikuwa chumba cha pili siku ile, anarekebisha redio yangu, na Lambert anasoma Kifaransa. Ilitosha kumwita. Maneno matatu: Lambert, nisomee hapa. Nimeyasema maneno hayo tangu wakati huo mara nyingi, mtu akiwa hayupo.

Mélanie alirudi na maji. Nilikunja uso kama mtu anayetafuta mstari, nikasema kwa Kifaransa, "Quatre comprimés par jour," kisha kwa Kiswahili, vinne kila siku, asubuhi, baada ya chakula. Akauliza, "Kila siku, Papa? Yote ine?" Nikamwambia, "Karatasi njo inasema, si minye." Akarudia mara mbili ili asisahau, akaenda.

Mama yako alipoanza vidonda mdomoni alinitumia salamu. Nilisema ni joto la dawa, litapita.

Mengine unayajua. Kwenye kikao, Lambert aliposoma "une fois par semaine", mara moja kwa wiki, nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Nilielewa jambo la pili pia, na hili ndilo nililokuficha nyuma ya ule ukweli wangu. Kikaratasi kilikuwa sahihi. Na kwa kuwa kilikuwa sahihi, na kwa kuwa mimi ndimi niliyekisoma, basi nilikisoma sahihi, na Mélanie amedanganya. Hakuna aliyelazimika kumshitaki. Jina langu lilifanya kazi hiyo. Ilinibidi ninyamaze tu, na sikunyamaza hata, nilisaidia. Karatasi inasema mara moja kwa wiki. Wote mumesikia.

Kurasa zako tano nilizitia sahihi jinsi ile ile. Émérence anasoma Kiswahili cha Biblia, Kifaransa hapana, na kumwomba mwingine kungekuwa kusema. Nilijiambia Joëlle atasoma baada yangu. Hata hivyo nilikuwa nimeandika "Safi" juu ya kifo cha dada yangu kwa mara ya pili. Uliponiandikia kuhusu ukurasa wa tatu nilimwambia Émérence arudie kusoma pale, kisha nikamwomba aende nyumbani.

Nimemwita Lambert aje hapa Jumapili ijayo, na nimemtuma Émérence Kikula amlete Mélanie. Nimemwomba padri wa parokia awepo, na wale wa kwenye ukuta wa maboksi pia, kwa sababu wao nao wanapaswa kwenda kusomewa na watu wenye macho vikaratasi vyao vyote nilivyowahi "kuwasomea". Nitayasema haya kwa mdomo. Moyo ukikataa kunifikisha Jumapili, ukija Septemba yasome wewe, uyasome yote, na safari ya kwa wazazi wa Mélanie iwe ya kuomba msamaha. Usinipunguzie mstari wowote kwa sababu nimekufa.

Umebaki mstari mmoja. Huu hata padri sijamwambia.

Unauliza kwa nini Mélanie aliniuliza juu ya macho, na nani alimwambia. Hakuna aliyemwambia. Siku ile uani, aliporudi na maji, mimi nilikuwa tayari nimekikunjua kikaratasi mbele ya uso wangu nikimngoja. Aliweka kikombe chini. Akasimama kidogo. Kisha akanyoosha mikono yake miwili, kwa heshima, kama mtu anayempokea mzee kitu, akakichukua kikaratasi kutoka mikononi mwangu, akakigeuza, akanirudishia. Nilikuwa nimekishika miguu juu, kichwa chini. Nadhani aliamini dawa hiyo naijua kwa kichwa, kama dawa zote, na kwamba karatasi ni heshima tu. Nami, kikaratasi kikiwa sasa kimenyooka, nikaanza kusoma.

Kwenye kikao, watu wote walipogeuka kunitazama, yeye alikuwa na neno hilo moja mdomoni, na lingemwokoa. Mke hasemi mbele ya watu kwamba mzee wa mume wake ni kipofu na anaigiza. Aliinamisha kichwa, akangoja nilitamke mimi.

Alijua tangu siku ile kwamba sioni, Joëlle, na mimi nilijua kwamba anajua.

Athanase